Mkakati wa viwanda wa kaunti unaanzia wapi? Mwongozo wa wanaoanza, na mifano ya Pwani

Haya, nimeamua kuandika hii mara moja niwe natuma tu, manake maswali ni yale yale. Afisa wa mipango kaajiriwa juzi, wiki ya pili bosi wake amwambia "tutengenezee mkakati wa viwanda, uwe wa kijani, uwe wa kila mtu, gavana autaka mwezi ujao", basi jioni naona meseji: kaka, tunaanzia wapi, hakuna fomati? Fomati hakuna, na hiyo fomati unayoitafuta ndo inayowaharibia wengi. Nshasoma rasimu ya kaunti moja ya huku pwani, sitaitaja, ukifika ukurasa wa arobaini na kitu yasema "kuongeza thamani ya majani chai na maziwa". Majani chai! Walichukua ya wenzao wa milimani wakabadilisha jina la juu, ndani wakasahau.

Mifano ntatoa ya kwetu, zile kaunti sita za Jumuiya ya Kaunti za Pwani: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Ukiwa Kitui au Busia hatua ni zile zile, badilisha mazao tu. Ndugu zetu wa Tanzania mtaokota ya kuokota lakini ile sehemu ya kalenda ya bajeti haitawafaa, mkoa wenu hauna bunge lake kama kaunti.

Kabla ya yote tuelewane neno. Mkakati si orodha ya viwanda unavyovitamani. Hiyo yaitwa ndoto na kila kaunti inayo. Mkakati ni kusema: hapa kwetu watu tayari wanatengeneza hiki, kinachowakwamisha ni hiki, sisi tutakiondoa kwa pesa hizi mwaka huu, na zile habari nyingine tunaziwacha kwanza. Hapo kwa kuwacha ndo wengi hawawezi.

Uwe na nini kabla hujaanza

- CIDP yenu ya 2023–2027, ule mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano. Isome yote, hata kama inachosha.
- Takwimu za pato la kaunti za KNBS, shirika la takwimu la taifa. Angalia hasa mstari wa viwanda, mara nyingi utashangaa ulivyo mwembamba.
- Ripoti za Msimamizi wa Bajeti za miaka mitatu ya nyuma. Hizi ndo zitakwambia kaunti yenu ilipanga kutumia ngapi kwa maendeleo na ikatumia ngapi kweli. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 yasema angalau asilimia 30 iende maendeleo, wewe angalia ilienda ngapi.
- Daftari la leseni za biashara, wodi kwa wodi.
- Mpango wa kawi wa kaunti. Sheria ya Kawi ya 2019 inaitaka kila kaunti iwe nao. Kama haupo, andika kwamba haupo, hiyo nayo ni habari.
- Orodha ya ardhi ya umma yenye taito safi. Sio ile "tuliambiwa ni ya kaunti".
- Watu watano tu: mtu wa mipango, wa hazina, wa kilimo au uvuvi, wa mazingira, na mmoja aliyewahi kuendesha biashara akalipa mishahara kwa pesa yake. Huyu wa tano msimkose.
- Gari na mafuta ya kutosha. Sifanyi mzaha, mkakati unaoandikiwa hotelini unajulikana kwa harufu.
- Miezi sita. Ukiambiwa mwezi mmoja, omba upewe miezi mitatu na upunguze upana wa kazi, usipunguze ukweli.

Hatua ya 1: Jua mkono wako unafika wapi

Fungua Katiba, Jedwali la Nne, uone kaunti imepewa nini: kilimo, masoko na leseni, vyama vya ushirika, barabara za kaunti, maji, poliutekniki za vijiji, usambazaji wa stima, udhibiti wa uchafuzi wa hewa na kelele. Bandari, forodha, kodi ya mapato, VAT, viwango vya ubora, hayo ni ya Nairobi.

Kwaio ukiona rasimu imeahidi "msamaha wa kodi kwa wawekezaji", uliza ni kodi gani hiyo. Kaunti haiwezi kumsamehe mtu kodi ya mapato. Zile asilimia 10 za kodi kwa miaka 10 ya mwanzo halafu 15 kwa 10 inayofuata ni za maeneo maalum ya kiuchumi chini ya sheria ya 2015, kama Dongo Kundu, na zinatolewa na serikali kuu. Wewe ulicho nacho ni leseni, sesi (ushuru wa mazao), ada za vibali, ardhi, maji na barabara ya kufikia geti. Mwaweza mkaona ni vitu vidogo lakini ndo vinamfukuza mtu mara nyingi kuliko kodi.

KOSA LA KAWAIDA: kuahidi kitu ambacho mwenye uwezo wa kukitoa hajakaa kwenye meza yenu. Kama mnahitaji Kenya Power wavute laini, wawepo tangu siku ya kwanza, msiwaandikie barua mwishoni.

Hatua ya 2: Hesabu kilichopo, kwa miguu

Usianze na "fursa". Anza na mitambo inayozunguka leo. Tembea: mashine za kusaga nafaka, mafundi wa vyuma, wanaokamua mafuta ya nazi, wanaoungua jua wakikausha dagaa, wenye mashine ya kukamua maembe inayofanya kazi miezi mitatu kwa mwaka, washona nguo, waunda mashua Lamu, wakata vito Voi. Kila mmoja muulize maswali manne tu: unatengeneza nini, unauzia nani, mwaka jana ulisimama siku ngapi na kwa nini, na ungepata mteja wa mara mbili kesho ni kitu gani kingekushinda?

Hilo la mwisho ndo la dhahabu. Jibu likirudi lile lile mara thelathini ushapata sura ya kwanza ya mkakati wako.

Halafu fanya hesabu ya pili ambayo watu wanaikwepa, hesabu ya makaburi. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa 1988. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilijengwa miaka ya 70 kikaanguka miaka ya 90. Base Titanium pale Kwale ilianza kuchimba 2013 ikafunga machimbo Desemba 2024. Kila kimoja kina somo lake, na ni masomo tofauti. Machimbo yana mwisho unaojulikana tangu siku ya kuanza, kwaio pesa ya mrabaha (sheria ya madini ya 2016 inagawa 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii) ilifaa iwe inajenga kitu cha kuendelea baadaye. Korosho ni habari nyingine kabisa, naja huko. Usiandike "usimamizi mbaya" ukapita. Tafuta wazee waliofanya kazi mle ndani, wapo, wanakumbuka mpaka jina la fundi wa boila.

Hatua ya 3: Chagua minyororo miwili, ikizidi sana mitatu

Mnyororo ni zao moja na safari yake yote, kutoka shambani au baharini mpaka kwa mnunuzi. Hapa ndo mtagombana. Kila MCA, yaani mwakilishi wa wodi kwenye bunge la kaunti, anataka wodi yake iwemo, na nawaelewa, wamechaguliwa kwa hilo. Lakini ukiweka minyororo kumi na miwili kwa bajeti ya kaunti kila mmoja utapata pesa ya warsha mbili na fulana.

Pima hivi: malighafi ipo tayari au bado ni miche? Kuna mtu analipia bidhaa hii leo, sio "soko la dunia", mtu mwenye jina? Kazi zake zinaweza kufanywa na watu wa hapa bila kusubiri miaka minne? Inatumia maji na joto kiasi gani? Na mabaki yake yaenda wapi?

Pwani ukipima kwa uaminifu mara nyingi inabaki orodha fupi: korosho, maembe, nazi, mwani, samaki, mkonge wa Taita na wa Vipingo, pamba ya Lamu. Kila kaunti ichague kwenye hiyo. Mie nazi naipenda kwa sababu haina cha kutupa, makumbi yatoa kamba na godoro, vifuu vyatoa makaa, maji yanywewa, tui lauzika, na mwenye minazi mitano naye yumo ndani ya mnyororo, si lazima awe na ekari mia. Lakini minazi yetu mingi ni mikongwe na panda-upya ni mradi wa miaka, kwaio usiahidi kiwanda kikubwa mwaka wa kwanza.

Hatua ya 4: Tafuta kinachokaba, usitafute jengo

Hapa ntakaa sana kwa sababu ndo pesa nyingi za umma zinapotelea.

Chukua korosho. Tangu 2009 Kenya ilikataza kuuza nje korosho ghafi, lengo zibanguliwe hapa. Watu wakadhani viwanda vitajiotea vyenyewe. Sasa fikiria kiwanda cha kawaida tu, kinabangua tani tatu kwa siku, siku 250 kwa mwaka, hiyo ni tani 750 za ghafi. Kwa ubanguaji wa kawaida utapata kama asilimia 22, tuseme tani 165 za kokwa. Sawa. Lakini korosho haivunwi mwaka mzima, huja kwa wingi mwishoni mwa mwaka mpaka miezi ya kwanza ya mwaka unaofuata, basi. Kwaio tani zako 750 lazima uzinunue ndani ya miezi mitatu hivi, kwa pesa taslimu, kwa sababu mkulima wa Bamba hakopeshi. Tuseme kilo ni shilingi 60 (nimeitoa kwa mfano, weka bei yenu), wahitaji milioni 45 mkononi kabla hujauza hata pakiti moja, halafu ukae na mzigo kwenye godauni lisilovuja mwaka mzima ukibangua kidogo kidogo. Benki ikisikia kilimo yataka shamba la babu kama dhamana.

Sasa kaunti inaingia hapo na kufanya nini? Yajenga jengo! Jengo jipya, utepe, picha. Mwenye kiwanda hakukosa jengo, alikosa mtaji wa kununulia msimu na ghala. Ndo maana unaona majengo mazuri yamefungwa kufuli na korosho zavushwa usiku na madalali.

Dawa ya hapo ni ghala lenye cheti na stakabadhi, sheria ya stakabadhi za ghala tunayo tangu 2019. Mkulima aleta, apewa stakabadhi, benki yakopesha kwa mzigo ulioko ghalani. Wenzetu wa Mtwara na Lindi wanautumia kwa korosho kwa miaka mingi, nenda ukaone wenyewe, mazuri na malalamiko, manake malalamiko yapo pia hasa ya malipo kuchelewa. Na hata wao hadi leo korosho yao nyingi yaenda India na Vietnam ikiwa ghafi. Hii yakuonyesha ghala peke yake halikubangulii.

Fanya zoezi hili kwa kila mnyororo ulioubakisha. Maembe: yanaiva yote pamoja, kwaio kinachokaba ni mashine kulala miezi tisa, tafuta nini kingine kinaweza kupita mashine ile ile, mapera, mananasi, ukwaju. Mwani wa Kibuyuni na vijiji vya jirani kule Kwale: wakulima wengi ni akina mama, wanajua kazi, kinachokaba ni kukausha wakati wa mvua, mnunuzi kuwa mmoja, na maji ya bahari yakipata joto mwani unaugua. Samaki: barafu. Wallahi mara nyingi ni barafu tu.

ONYO kuhusu vile vituo vya viwanda vya kaunti, CAIP, vya milioni 500, nusu ya serikali kuu nusu ya kaunti. Sio wazo baya. Lakini kama chenu bado hakijaisha, kabla ya kuongeza shilingi jibu kwanza ni nani atakodi banda la kwanza, jina lake na simu yake. Kama hakuna jina, simamisha hapo.

Hatua ya 5: Usafi, anza na joto, maji na taka

Kila rasimu ikifika kwa "kijani" yaweka picha ya sola juu ya paa. Sola ni nzuri, ukienda Malindi shamba lake kubwa lipo na laingiza stima kwenye gridi. Ila fahamu hivi: stima ya gridi ya Kenya sehemu kubwa tayari yatoka kwa mvuke wa ardhini kule Olkaria, maji, upepo na jua. Kwaio kiwanda kinachotumia stima ya gridi hakina dhambi kubwa. Uchafu wa viwanda vyetu vidogo uko kwingine, uko kwa boila. Kuchemsha, kukausha, kuchuja, kupasteurisha, vyote vyataka joto, na joto hilo latoka kwa kuni, mara nyingine kuni ambazo hutaki kuuliza zimekatwa wapi, au mafuta mazito. Uchafu wa pili ni jenereta, kwa sababu stima yakatika. Wa tatu ni maji machafu.

Kwaio kwenye mkakati andika vitu vya kushikika:

- Boila ya pamoja kwa viwanda vinavyokaa karibu, inayochoma mabaki yao wenyewe. Angalizo: maganda ya korosho yanawaka vizuri sana lakini yana mafuta makali, ukiyachoma kwenye tanuri la kienyeji moshi wake ni sumu. Lazima boila iliyotengenezwa kwa kazi hiyo na bomba refu.
- Vikaushio vya jua kwa mwani, dagaa, maembe. Teknolojia rahisi, fundi wa hapa anaitengeneza.
- Bwawa la kusafishia maji machafu liwe kwenye mchoro wa kwanza na kwenye gharama ya kwanza. Ukilisogeza "awamu ya pili" halitajengwa, niamini.
- Taka: sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 ishaweka jukumu kwa mtengenezaji mpaka bidhaa imalize kazi, tumia hiyo kuvutia wanaokusanya na kurejeleza plastiki.

Na kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, usikifanye karatasi ya kupitisha. Mombasa hatuhitaji mfano wa kutoka mbali, tuna Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliwekwa ubavuni mwa mtaa wa watu, madini ya risasi yakaingia kwenye damu za watoto. Phyllis Omido, mama aliyewahi kufanya kazi pale kiwandani, alipigania akakamatwa akatoka akaendelea, 2015 akapewa tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira, 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, ikakatiwa rufaa, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Urejelezaji wa betri kwenye karatasi ni "uchumi wa kijani" kabisa. Kwaio mradi ukiletwa na jina la kijani usiulize jina, uliza bomba latoa nini na nyumba ya karibu iko mita ngapi.

Hatua ya 6: Nani anapata nini (fanya jedwali, usifanye aya)

"Wanawake, vijana na watu wenye ulemavu watanufaika." Sentensi hii ifute popote utakapoiona. Weka jedwali: kila kazi kwenye mnyororo, anaifanya nani leo, analipwaje, na mkakati utabadilisha nini.

Ukifanya kwa korosho utaona akina mama wamejaa kwenye kupasua, kumenya na kupanga gredi, wanalipwa kwa kilo, mikono inachomwa na mafuta ya ganda, na wanaume wamejaa kwa boila, uendeshaji na uuzaji ambako kuna mshahara. Hapo sasa una cha kuandika: glavu zinazofaa, mashine za kupasulia, mafunzo ya boila kwa wasichana kwenye poliutekniki zetu (hizi ni za kaunti, hamna wa kumlaumu), chumba cha watoto, gari la zamu ya usiku. Chumba cha watoto chaonekana kitu kidogo, jaribu kuuliza wafanyakazi wa kiwandani uone watakitaja cha ngapi.

Kwenye manunuzi kuna ile asilimia 30 ya tenda za umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Itumie kununua bidhaa za viwanda vya hapa, mikate ya hospitali, sare za chekechea, madawati. Shida yake kubwa ni kulipa kwa kuchelewa. Kaunti ikikaa na bili ya kijana miezi 14 imemuua, na mkakati mzima ukasema "ujumuishi". Bora muahidi kulipa ndani ya siku fulani kuliko kumpa semina.

Halafu ardhi. Pwani huwezi kusema kiwanda bila kusema skwota. Watu wamekaa kizazi cha tatu kwenye shamba lenye taito ya mtu asiyeonekana. Ukichora eneo la viwanda juu ya nyumba zao umeanzisha kesi. Tembelea kila kipande kabla hujakiweka kwenye ramani, na kama ni ardhi ya jamii fuata ile sheria ya 2016, mkutano na kumbukumbu zenye sahihi.

Hatua ya 7: Kaeni na majirani

Kaunti moja ni ndogo. Maji ya Mombasa yatoka Mzima, Taita Taveta, na Baricho, Kilifi, wenyewe wanaoishi karibu na chemchemi miaka yote wanalalamika hawapati. Basi kiwanda cha Changamwe kinakunywa maji ya kaunti nyingine. Hilo haliwezi kukaa kwenye mkakati wa kaunti moja.

Anzeni na mambo matatu tu ya pamoja: sesi (lori la maembe lilipe mara moja, risiti moja itambulike mpaka bandarini, na Katiba kifungu cha 209 yenyewe yakataza kodi za kaunti kuzuia bidhaa kupita), maji, na nani anajenga nini. Sita wote wakijenga kiwanda cha maembe hakuna atakayepata maembe.

Kumbuka Jumuiya haina mfuko wake wa kikatiba, kila shilingi lazima ipitishwe na bunge la kaunti husika. Kwaio makubaliano ya magavana hotelini bila mstari kwenye bajeti ya kila kaunti ni picha tu.

Hatua ya 8: Ingiza kwenye kalenda ya bajeti

Mwaka wa fedha waanza 1 Julai. Zishike tarehe hizi:

- 1 Septemba: mpango wa mwaka, ADP, ufike bungeni. Mradi usiokuwa humu ushachelewa.
- 30 Septemba: ripoti ya mapitio ya bajeti. Angalia walichokata.
- 28 Februari: ule waraka wa sera ya fedha ya kaunti, hapa ndo kila idara yapewa kiwango chake. Vita viko hapa, wananchi wengi huja Mei wakati sahani zishagawanywa.
- 30 Aprili: makadirio yafika bungeni.
- 30 Juni: yapitishwe.

Kila kazi kwenye mkakati iwe na namba ya mradi kwenye ADP, idara yenye mwenyewe, na kiasi. Na mwaka wa kwanza uwe mwepesi, ghala moja lirekebishwe, sesi moja ifutwe, bili za wafanyabiashara wadogo zilipwe. Watu wakiona moja limetimia watakusikiliza la pili.

Uchaguzi ni Agosti 2027 na CIDP hii inaisha na mwaka huo huo. Chochote ambacho bado kitakuwa kwenye kichwa cha gavana pekee kitaondoka naye. Kiweke kwenye sheria ya kaunti, au kwenye mkataba wa ushirika na mnunuzi, au kwenye ghala ambalo tayari linafanya kazi na lina wenyewe wa kulipigia kelele.

Hatua ya 9: Vipimo vichache

Vitano vyatosha: tani zilizosindikwa hapa, watu wenye mkataba wa kazi wa zaidi ya miezi sita (wanawake na wanaume mbali mbali), bei aliyopata mkulima, lita za maji na aina ya moto kwa kila tani, siku ambazo mitambo ilisimama. "Idadi ya watu waliohamasishwa" sio kipimo, ni idadi ya soda.

Ukikwama

*Takwimu za kaunti hazipo au ni za zamani.* Tumia hesabu yako ya hatua ya 2 na useme wazi ni mitambo mingapi uliyoitembelea. Mitambo mia moja uliyoiona kwa macho ina nguvu kuliko asilimia za kukisia.

*Mwekezaji mkubwa kaja na ataka ekari 500 haraka.* Haraka ya nini? Mwambie aonyeshe alipofanya kazi hiyo, mpe kipande kidogo kwa mkataba wa kukodi wenye masharti ya kurudisha asipojenga. Taito usitoe. Na usiweke mayai yote kwake, Hawassa kule Ethiopia ilifunguliwa 2016, bustani ya viwanda ya kisasa hata maji yake yasafishwa yakatumika tena, halafu Januari 2022 nchi ikatolewa kwenye AGOA, ule mpango wa Marekani wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, na maagizo ya nguo kwenda Marekani yakayumba. Uamuzi ulifanywa Washington, mshonaji wa Hawassa hakuulizwa.

*Kikao cha maoni ya umma kinajaa watu wa posho.* Peleka kikao penye kazi: gatini saa samaki wanashuka, sokoni siku ya gulio, kiwandani saa ya chakula. Fupi, kwa Kiswahili au Kigiriama au Kipokomo, bila hotuba za ufunguzi.

*MCA kagoma kwa sababu wodi yake haimo.* Mwonyeshe alipo. Mnyororo wa nazi unapita wodi nyingi, ghala liko moja lakini njia za kukusanyia ziko ishirini. Kama kweli hayumo, mwambie hayumo na mwonyeshe kwenye CIDP atapata nini kingine. Ukimdanganya atakungoja kwenye bajeti.

*Hazina yasema pesa hamna.* Huenda ni kweli. Chomoa vitu visivyotaka pesa kwanza: kuunganisha leseni tano ziwe moja, kufuta sesi inayokusanya kidogo kuliko mshahara wa anayeikusanya, kukodisha jengo la kaunti lililofungwa. Mkakati unaoweza kuanza bila shilingi mpya ni nadra kunyongwa.

*Mshauri wa kulipwa kaleta kurasa 180 za Kiingereza na hakuna aliyezisoma.* Mwambie akupe kurasa sita za Kiswahili, ukazisome kwa sauti mbele ya ushirika wa wakulima, na pale watakapoguna uweke alama. Malipo yake ya mwisho yasubiri mpaka zile alama zirekebishwe.